Mshenga Wangu wa Nagasaki

Jumatatu, 10 Novemba

Nimepata njia ya kufika Japani bila ndege! Mimi, Enos, mpiga picha za pasipoti hapa Garsen!

Hulda yuko Nagasaki, mji wa pwani, huu mwaka wa tatu. Anatunza wazee katika nyumba moja huko mlimani. Nimemkosa mpaka chakula hakipiti. Mama anasema kinapita vizuri tu, sufuria ya jana ni shahidi. Mama haelewi mapenzi.

Mpango ni huu. Mwalimu Morita, Mjapani aliyetufundisha hesabu shuleni Hola, siku hizi anatembeza wageni huko huko Nagasaki. Mgeni mmoja, kiongozi mmoja, hakuna kusukumana. Namba yake nimeipata kwenye kundi la tuliosoma pamoja. Nimemwomba anitembeze mji wake kwa simu ya video, nami nimtembeze Tana. Amekubali upesi, kwa Kiswahili safi kuliko changu. Akasema ananikumbuka: mimi ndiye niliyekuwa nikimtuma mwenzangu kuniombea ruhusa ya kwenda chooni. Si kweli. Ilikuwa mara chache.

Hulda simwambii kitu. Kwanza nione anapoishi.

Jumanne, 11 Novemba

Tumeanza. Kamera ya simu yangu ilikufa zamani, ikabidi nimwombe Bonaya yake. Bonaya ni rafiki yangu, mfugaji, na sijui mtu anayeshinda na ng'ombe anataka simu nzuri hivyo ya nini. Alikataa kuiacha. Eti simu yake haiendi Japani bila mwenyewe. Akavuta kiti akakaa mbele, mimi pembeni.

Lo, Nagasaki! Bahari imeingia hadi katikati ya mji, milima imeizunguka kama watoto waliozunguka sinia. Nyumba zimepanda mpaka juu kabisa. Bonaya akauliza ng'ombe hulala wapi. Mwalimu akasema mjini hapo hakuna ng'ombe. Bonaya akampa pole.

Tukapanda treni ndogo inayopita katikati ya barabara. Tukaona mitambo mirefu ya kujengea meli. Tukaona paka wenye mikia iliyopinda, wamelala juani bila wasiwasi. Mwalimu haharakishi. Anakuacha uangalie kwanza, ndipo aeleze. Halafu ngazi. Ngazi, ngazi, ngazi! Gari haliwezi kupita. Nilihema, na mimi nimekaa kitini.

Kila mwanamke aliyevaa sweta nilidhani ni Hulda. Mmoja alikuwa mwanamume.

Jumatano, 12 Novemba

Zamu yangu ya kutembeza. Mwalimu anataka kuuona mto. Kijiji cha Wema, kilicho ukingoni mwa mto, ni mbali na jua ni kali, nikaona kwa nini nijichoshe? Nikamwonyesha mfereji wa shamba hapa karibu. Nikatangaza: Mwalimu, mto Tana ndio huu!

Akauliza mto ulianza kukonda lini.

Bonaya alicheka mpaka akaweka simu chini. Kisha akamwonyesha Mwalimu ng'ombe wake, mmoja mmoja kwa jina, nusu saa nzima. Mwalimu alifurahi sana. Tangu hapo anamwita Bonaya rafiki yangu. Mimi ananiita Enos.

Alhamisi, 13 Novemba

Basi, nimekwenda Wema. Bonaya naye, kwa sababu ya simu. Nikasimama ukingoni nikaelekeza kamera majini. Maji ya kahawia, migomba, mama mmoja akiosha sufuria. Uso wa Mwalimu ukatoweka kwenye kioo. Nilidhani mtandao umekatika. Kumbe anafuta macho. Akasema bahari ya kwao ni nzuri, lakini miaka yote hii akifumba macho anaona maji haya. Nikamwambia hata mimi nikifumba macho namwona mtu, naye yuko upande wako.

Nikamweleza yote, na hapo hapo wazo likanijia. Wazo kubwa! Mwalimu awe mshenga wangu!

Akanikumbusha kwa adabu kwamba mshenga hupelekwa kwa wazazi, si kwa binti. Nikamwambia wazazi wake wako hapa hapa Wema, na mwaka jana nilimtuma mjomba. Baba yake Hulda alimjibu kuwa binti ni mtu mzima, akaulizwe mwenyewe. Mjomba hana pasipoti.

Mwalimu akauliza kwa nini nisimuulize mimi. Nikamwambia kwetu mwanamume hajisemei. Bonaya akasema wallahi kwao pia wanatuma watu, lakini mwanamume anajua kuongea.

Hakuna aliyemuuliza.

Jumamosi, 15 Novemba

Siku yenyewe! Mwalimu alikubali ushenga, akatokea simuni amevaa suti na tai, amebeba keki ya mayai ya huko kwao, imefungwa kwa kitambaa vizuri. Akapanda ngazi zile zote hadi nyumba ya wazee anakofanya kazi Hulda. Mimi na Bonaya tuko kibandani, mlango nimeufunga, wateja wanagonga, wagonge.

Mlango ukafunguliwa. Hulda! Aproni ya buluu, nywele amekata, amepungua kidogo. Nilisahau kuvuta pumzi. Mwalimu alikataa kuketi, kama alivyoona kwetu: mshenga haketi kabla hajasikilizwa. Akasema tumepita, tumeona ua bomani mwenu, tumetumwa kuuliza kama lina mwenyewe.

Wazee wa pale wakataka kujua anasema nini. Akawatafsiria. Wakapiga makofi! Walidhani bwana harusi ni yeye. Bibi mmoja, hapungui miaka tisini, alimkaribia akamnyoosha tai.

Hulda akauliza aliyetuma ni nani. Mwalimu akasema ni Enos wa Garsen, na yumo humu ndani ya simu. Akamgeuzia kioo.

Mimi nilikuwa chini ya meza. Kalamu ilianguka.

Hulda akamwona Bonaya peke yake. Bonaya akamsalimu, akamuuliza habari za baridi, akamwambia nimejificha wapi. Hulda akacheka! Kicheko kile kile. Halafu msaliti huyu akateremsha simu chini ya meza, tukaangaliana, mimi na Hulda, mimi nimepiga magoti kati ya karatasi.

Hakucheka tena. Alisema amechoka kunisikia kwa midomo ya watu. Kwanza Mama yangu, kisha mjomba, sasa Mwalimu wa watu kapandishwa mlima mzima. Akasema Jumapili hukaa juu ya ngazi akiangalia meli, na angeshukuru kusikia sauti moja tu ya nyumbani ikimwambia imemkosa. Mkataba wake unaisha. Wanataka aongeze miaka mitatu, na jibu ni Jumatatu. Nimpigie kesho, mimi mwenyewe. Nikimwambia kwa mdomo wangu arudi, atarudi.

Atarudi! Kasema atarudi!

Jumapili, 16 Novemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nafanya mazoezi. Hulda, rudi. Maneno mawili! Mtoto anayaweza.

Nikapiga kwa simu yangu, sauti tu. Alipokea hata haijalia vizuri. Akasema haya, Enos, nakusikiliza.

Nikamuuliza hali ya hewa. Akasema kuna baridi. Nikasema huku kuna joto. Akangoja. Nikasema ng'ombe wa Bonaya amezaa. Akasema hongera zake. Akangoja tena. Nilisikia meli ikipiga honi upande wake. Maneno yalikuwa hapa, kwenye ulimi. Akaniuliza kama ni hayo tu.

Nikasema mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa umejaa. Nikachukua karatasi ya mkate nikaikunjakunja karibu na simu. Akasema, taratibu kabisa, Enos, hiyo ni karatasi.

Nikakata.

Jumanne, 18 Novemba

Ametia sahihi jana. Miaka mitatu. Mwalimu ndiye aliyeniambia. Alisema Hulda alishinda na simu mfukoni mwa aproni, akawapelekea ule mkataba ofisi ikikaribia kufungwa. Nikamwomba apande tena amweleze. Akaniomba radhi, akasema ataniongoza popote mjini, ila hapo hapana.

Usiku sikulala. Nampenda Hulda. Nimeandika hapa, mtu asiseme sikuwahi kusema.

Lakini leo bahati imenitembelea. Amekuja Dado, kijana wa Kau, kupiga picha za pasipoti. Anakwenda Japani kusomea kilimo cha mpunga! Sikumtoza kitu. Nimemkalisha nikamfundisha la kumwambia Hulda: kwamba bila yeye Garsen haikaliki, kwamba kila jioni nawaza huko sasa amelala, kila alfajiri nawaza sasa yuko kazini, kwamba nampenda, na arudi. Dado ameyashika yote mara moja, ana kichwa chepesi.

Akaniuliza kwa nini nisimpigie sasa hivi. Akanipa na simu yake. Nikamwambia wewe bado mtoto, mambo mazito haya hayasemwi kwenye simu.

Anaondoka Aprili. Aprili si mbali.