Dakika Tatu za Kipaza

Jumatatu, 3 Juni

Ratiba ya sherehe ya kumuaga Mwalimu Mkuu imetoka. Nimeisoma mara nne. Nimeigeuza upande wa pili, labda kuna maandishi yaliyofichwa. Hakuna. Imeandikwa: Mshereheshaji, dakika tatu.

Dakika tatu! Mimi kusafisha koo tu ni dakika mbili. Miaka kumi na tisa nimesimama mbele za watu, kwenye harusi, mahafali na vikao vya ukoo, mpaka jina langu la kuzaliwa limesahaulika. Wote wananiita Kipaza. Leo napewa muda usiotosha kuchemsha yai!

Ratiba imeletwa na shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye katibu wa kamati. Nikamuuliza kwa upole ni adui gani kanikata. Akasema hakuna adui, hata mgeni rasmi kakatwa. Sherehe ya saa nne sasa itakuwa ya saa moja na nusu. Akasema macho yake yalifunguka siku alipokaa kwa Mhariri akamwona akifanya kazi.

Mhariri! Nilijua tu.

Huyu mama anahariri filamu kwenye chumba kilicho juu ya duka la dawa. Shule imempa kazi ya kutengeneza filamu ya miaka thelathini na moja ya Mwalimu Mkuu. Namfahamu vizuri. Mwaka jana alihariri filamu ya harusi ya mpwa wangu. Hotuba yangu ilikuwa ya dakika arobaini na saba. Alichobakisha ni neno moja: "Karibuni." Na walioitazama wakaja kunipongeza, eti siku ile nilizungumza kwa hekima. Nawashuku mpaka leo.

Jumanne, 4 Juni

Kikulacho ki nguoni mwako.

Mke wangu ni fundi wa mapazia. Juzi alikwenda kwa Mhariri kupima madirisha, maana chumba kile kinatakiwa giza. Kupima dirisha ni robo saa. Alikaa saa tatu. Amerudi mtu mwingine.

Zamani akinigombeza alianzia siku ya posa, akapitia kwa mama yangu, akapumzika kidogo kwenye lile kabati nililolivunja, ndipo afike kwenye kosa la leo. Kufikia hapo mimi nilikuwa nimeshasinzia. Leo kasimama mlangoni mwa jiko, akanitazama, akasema, "Sufuria." Akaondoka.

Nilizinduka nikiwa nimeosha zote.

Nikamhoji. Akasema Mhariri kamwambia kisa kianze karibu na moto na kiishe kabla ya majivu. Nikamuuliza wamezungumza nini kunihusu mimi. Akasema hawakunitaja kabisa. Saa tatu nzima, wanawake wawili, hawakunitaja! Hiyo ndiyo dalili yenyewe.

Jioni nikashuka duka la dawa kununua ya kikohozi. Muuza dawa yule, aliyezoea kunieleza historia ya kila chupa, kanikabidhi na kusema, "Kijiko kimoja, asubuhi na jioni." Nikabaki nimesimama nikingoja yaliyobaki. Hayakuwapo. Njama imeshuka hadi ghorofa ya chini.

Jumatano, 5 Juni

Upelelezi. Nimejitolea kumbebea mke wangu ngazi akatundike mapazia kwa Mhariri. Alishangaa. Miaka kumi na miwili ya ndoa sijambebea hata uzi.

Chumba kidogo. Kompyuta, skrini mbili, spika, kiti kilichochakaa upande mmoja. Mhariri ni mama mfupi, miwani imening'inia kifuani, hapandishi sauti. Mbaya hiyo. Asiyepandisha sauti ana la kuficha.

Nikajifanya nashika ngazi, kumbe jicho liko kwenye skrini. Mwalimu Mkuu alikuwa akieleza mwaka aliofiwa na mumewe, jinsi alivyorudi darasani siku ya tatu. Mama wa watu analia, anaeleza vizuri, dakika sita. Mhariri akazitoa zote! Akauacha mkono tu, mkono wa mwalimu ukifuta ubao, taratibu, mpaka kona ya mwisho. Ubao mtupu. Kengele ikalia, lakini kengele yenyewe hatuioni, bado tunautazama ubao. Ndipo mlango ukafunguka, watoto wakatoka mbio kwenye jua.

Mke wangu, juu ya ngazi, akavuta kamasi. Mimi niliingiwa na vumbi machoni. Macho yote mawili.

Nikamuuliza Mhariri kwa nini anatupa maneno mazuri vile. Ana kinyongo na wasemaji? Akazungusha kiti.

"Kibaya hujitoa chenyewe, kaka yangu," akasema. "Kazi yangu ni kutoa kizuri kinachokiziba kizuri zaidi."

Msemo mzuri. Nimeunakili. Nitautumia kama wangu.

Wakati wa kutoka, ushahidi! Karatasi ukutani, kwa mwandiko wake: "Toa mbwa. Toa kikohozi. Toa kipaza, kinaingia kila mahali, kinaharibu."

Mimi! Kwa maandishi! Na angalau angeandika "anaingia". Kaandika "kinaingia". Ameniweka ngeli moja na kijiko na kiatu!

Njiani mke wangu akasema ni kipaza sauti, kile wanachokining'iniza juu ya anayehojiwa, kimeonekana kwenye picha. Maelezo yalikuja haraka mno. Yalikuwa yameandaliwa.

Alhamisi, 6 Juni

Dawa ya moto ni moto. Anayo filamu, nami nitakuwa na yangu.

Nimejirekodi. Simu juu ya kopo la unga. Shati jeupe, tai, koti la suti. Chini kaptula, maana simu haioni huko. Mfukoni nusu kitunguu, kwa ajili ya sehemu ya machozi. Hotuba ya dakika arobaini: Mwalimu Mkuu kama taa, kama nguzo, kama daraja, kama mvua. Alinifundisha darasa la nne, nina haki.

Nimeanza upya mara tisa. Kila nikikosea niligusa simu isimame. Katikati nikachoka, nikakaa juu ya ndoo, mke wangu akaingia kutafuta mkasi, tukaongea mawili matatu, akatoka. Nikaendelea. Ajabu, mwishoni kulikuwa na rekodi moja tu, saa moja na dakika kumi. Naona simu za siku hizi zinaunganisha zenyewe. Teknolojia!

Sikuitazama. Kutazama tena ni kazi ya wasiojiamini.

Fundi wa duka la kunakili kaniwekea kwenye flashi nyeusi. Alikuwa akicheka peke yake. Nimeandika jina la duka lake.

Ijumaa, 7 Juni

Mhariri kamkabidhi shemeji filamu. Flashi nyeusi, kama yangu! Shemeji kaiweka mfuko wa shati, akawa anaupapasa kama mtu aliyebeba kifaranga. Atamrudishia Mhariri kesho mbele ya wageni ndipo aionyeshe, ati heshima ya kamati.

Mpango wangu hauna ubaya. Hotuba yangu itatangulia. Filamu yake itafuata, kama muda utabaki.

Nikamfuata shemeji ofisini nikamkumbatia. Nikamwambia kufaana ndio undugu. Kumbatio lilikuwa refu, kifungo cha mfuko kiligoma. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni mapenzi tu, shemeji, dunia ni mapito. Akaanza kulengwa na machozi, akasema hakujua kama nampenda kiasi hicho. Nikaona aibu kidogo. Ikapita.

Flashi zimebadilishwa!

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani.

Ukumbi wa shule ulijaa saa nane mchana. Mapazia ya mke wangu yakafungwa. Mwalimu Mkuu mstari wa mbele, gauni la kijivu, mkoba magotini. Mama huyu hajacheka mbele za watu tangu afiwe. Kila mtu anajua. Mhariri kakaa pembeni na kompyuta yake. Shemeji akamkabidhi flashi, watu wakapiga makofi. Taa zikazimwa.

Nikatokea. Ukubwa wa ukuta.

Ila siyo kama nilivyopanga. Nilikuwa nimeinama nikikagua simu, pua imejaa skrini nzima. Nikarudi nyuma, nikarudi tena, mpaka kaptula ikaonekana. Ukumbi ukaguna. Nikasema, "Mwalimu Mkuu ni taa," nikakohoa, nikatukana kikohozi. Nikaanza tena. "Mwalimu Mkuu ni nguzo." Nikasahau nguzo ya nini. Kisha nikatoa kitunguu, nikakisugua, nikakimbia huku na huku nikiomba maji.

Ukumbi ulilipuka. Wazazi, walimu, mgeni rasmi. Na katikati ya kelele zile nikasikia kicheko kimoja chembamba, cha mtu aliyesahau namna ya kucheka. Mwalimu Mkuu kainamia mkoba wake, mabega yanatikisika.

Nilitaka ardhi ipasuke.

Mhariri alikuwa ameshanyoosha mkono azime. Nikamwona, kwa mwanga wa skrini, akimtazama Mwalimu Mkuu. Mkono ukasita. Hapo mke wangu, mke wangu mwenyewe, akainuka, akaenda akamnong'oneza sikioni. Mhariri akabonyeza. Rekodi ikaruka mbele.

Nikajiona nimekaa juu ya ndoo. Tai imelegea. Sikujua kama simu inaendelea. Mke wangu haonekani, sauti yake tu ikiniuliza kwa nini najitesa hivi. Nami, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia ukumbini, nikasema, "Darasa la nne nilikuwa na kigugumizi. Watoto walinicheka. Yeye kila asubuhi alinipa nisome matangazo mbele ya shule nzima, akasimama nyuma yangu, akangoja mpaka nimalize. Hakuwahi kunimalizia neno hata moja. Sasa sijui nitamwambiaje."

Hapo nikanyamaza nikitazama mikono yangu. Mhariri hakukata. Aliuacha ukimya ule, akauacha, mpaka nikasikia kiti kikilia upande wa pili wa ukumbi. Ndipo akazima.

Hakuna aliyecheka.

Kisha filamu yenyewe ikaanza. Ana nakala nyingine kwenye kompyuta! Wahariri hawatembei na nakala moja. Ubao ukafutwa, kengele ikalia, mlango ukafunguka. Nyuma yangu wanaume wazima walikuwa wakitafuta leso.

Taa zikawashwa. Shemeji akaniashiria: zamu yangu, dakika tatu. Nikasimama. Nilikuwa na kurasa ishirini na mbili mfukoni. Nikafungua kinywa. Taa, nguzo, daraja, hakuna kilichotoka. Kile kigugumizi cha darasa la nne kilirudi chote kwa pamoja. Nikasimama pale nikihangaika na herufi moja. Mwalimu Mkuu kanitazama, hakusogea, hakunisaidia. Alingoja.

"Asante, Mwalimu," nikasema mwishowe.

Akainuka, akaja mpaka nilipo, akaniwekea mkono begani. "Umefaulu," akasema. "Kaa chini."

Nikakaa.

Jumapili, 9 Juni

Nimelala vizuri. Akili imetulia. Sasa naliona jambo lote kwa uwazi.

Nimehujumiwa.

Rekodi ya saa moja na dakika kumi, zimeonyeshwa dakika nne. Mvua haikufika! Sehemu ya mvua ndiyo nzuri kuliko zote. Na mke wangu alijuaje pa kuruka, kama hawakupanga? Nimemuuliza. Akasema alikuwapo pale nilipojirekodi, alisikia, alijua hicho ndicho nilichotaka kumwambia Mwalimu. Nikamwambia jibu hilo ni zuri mno kuwa la kweli. Akasema, "Chai inapoa." Sikuweza kupata ufa wowote kwenye sentensi hiyo.

Shemeji kanisamehe suala la flashi. Kanikumbatia. Nikapapasa mfuko wangu haraka.

Majirani wamepita tangu asubuhi. Wote wanasema ile ndiyo hotuba bora niliyowahi kutoa. Hotuba! Maneno mawili! Muuza dawa kasema alilia. Mwalimu mmoja kasema kuanzia kesho atajifunza kungoja wanafunzi wamalize kusema. Watu kumi na mmoja kwa siku moja. Watu hawasifu bure. Kuna kitu wanakitaka.

Mchana kaja Mhariri mwenyewe. Hakukaa. Akasema jana alijifunza jambo kwangu: alikuwa karibu kuzima pale watu walipokuwa wakicheka, na angekosea. Akasema ana filamu mpya, na anahitaji mtu anayejua ukumbi unapumua wapi. Je, ningependa kwenda kukaa naye Jumatano mchana, nitazame, nimwambie? Akaaga akaondoka.

Sikuzaliwa jana. Nimeelewa mara moja. Anataka kunichota ujuzi wote, kisha anikate. Mke wangu anasema nikubali, ni heshima. Nimekubali. Siyo kwa heshima. Nitakwenda kama mpelelezi. Atafikiri ananisoma, kumbe mimi ndiye ninayemsoma.

Nimeshaanza kujiandaa. Jumatano nikifika pale nitasema maneno machache tu ya kujitambulisha, halafu nimwachie afanye kazi.

Nimefika ukurasa wa kumi na nne. Bado sijamaliza salamu.