Asilimia Hamsini na Moja Wamelikubali Soko Jipya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa leo ni mimi mwenyewe, waheshimiwa madiwani, baba paroko na mchungaji, wazee wetu wa Njombe na Makambako, akina mama wauza viazi mliosimama kwenye baridi kwa kuwa viti ni vya wageni, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Ndugu wananchi, utafiti wa maoni umekamilika. Kwa metodolojia ya kisasa kabisa, tuliuliza kama soko la zamani libomolewe lijengwe jipya la ghorofa, na asilimia hamsini na moja wakasema ndiyo. Wataalamu wakaniambia kuna makosa ya sampuli, asilimia nne juu au chini, yaani wanaokubali huenda ni arobaini na saba tu. Mimi sikusoma miaka yote ile ili niende chini. Nikachagua juu, tukapata hamsini na tano. (Vicheko.) Ushindi huo ni mkubwa, na sikutaka kuuchelewesha, ndiyo maana jana tulibomoa.

Naona Mama Oktavia amenyoosha mkono tangu nianze. Mpeni kipaza sauti, mimi ni mtu wa watu. ("Mheshimiwa, shikamoo. Sisi wa sokoni hatukuulizwa hata mmoja. Mliuliza wapi?")

Marahaba, mama. Tuliuliza stendi ya Makambako, maana pale watu hawakosekani. Ni kweli wengi walikuwa wanasubiri basi la Songea, na wengine la Mbeya, lakini walipojibu walikuwa wamesimama kwenye ardhi yetu. Tena walijibu bila upendeleo, kwa kuwa hawana meza sokoni. (Miguno.)

("Meza yangu mmeivunja. Kesho viazi nauzia wapi?")

Mama, wewe umo kwenye ile asilimia arobaini na tano, na wachache tunawaheshimu sana. Keti. Ah, kumbe huna kiti.

Takwimu juu! (Kimya.) Sampuli juu zaidi! (Mtu anakohoa.)

Nahitimisha kwa shukrani za dhati kwa fundi Romani, aliyetuchorea soko jipya kwenye lile bango pale, maana zaidi ya bango hakuna kingine: fedha hatujaomba, mkandarasi hatujatafuta, sisi tulikuwa tunapima maoni tu. Asanteni kwa kunisikiliza. Na wewe Mama Oktavia, tafadhali, hivyo viazi usivipange mbele ya bango. Unatuzibia soko.