Kipimajoto cha Ukutani

Jumatatu, 3 Juni

Siku kubwa! Mdogo wangu amejibiwa barua yake. Hospitali ya misheni huko ng'ambo, milimani, kwenye baridi kali, imemkubali. Atakuwa mkunga na mwalimu wa Injili kwa miaka mitatu. Sharti ni moja: kanisa lake limtume. Yaani nauli na matumizi ya mwaka wa kwanza yatoke kwetu, na jibu liwafikie kabla ya Jumatatu ya tarehe 17. La sivyo nafasi anapewa mwingine.

Alinisomea barua akiwa bado kwenye sare za kazini. Tangu utotoni huyu ni wa kwenda mbali kuhudumia watu wa Mungu. Wenzake wakicheza harusi, yeye anazalisha wanasesere. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kaka yupo. Akakunja barua haraka, akaificha mkobani. Sikupenda alivyoificha.

Jioni mchungaji akaunda kamati ya kumtuma. Nilishaanza kuinuka kwenye benchi ili nipokee uenyekiti, nikasikia anatajwa Mzee Risiti! Mhazini wetu. Mtu ambaye ukimpa pole anakuandikia risiti. Mpango wake ni huu: mdogo wangu apite nyumba kwa nyumba, aseme kwa nini anakwenda, watu watoe, yeye aandike. Basi. Hakuna bango, hakuna spika, hakuna hata tarumbeta. Nikauliza mimi nitafanya nini. Akajibu kwa upole kwamba nisaidie kwa maombi.

Maombi! Mimi, fundi mabango wa mtaa mzima!

Nimejiteua Mratibu Mkuu. Kamati haijaarifiwa.

Jumanne, 4 Juni

Nimeanza kwa kishindo. Nimekata kitambaa kirefu, nimechukua rangi nyekundu, nimeandika kwa herufi kubwa: CHANGIA MISHENI YETU SOTE. Ila kitambaa kilikuwa kifupi kuliko nilivyokadiria. Neno likakatika, nikamalizia mstari wa pili. Sikuona ubaya. Nikalitundika bango langu mbele ya karakana, nikaketi chini yake kungoja Roho awaguse watu.

Wakaguswa. Kabla sijamaliza chai walishafika vijana wawili kuuliza mishe inaanza lini na mgao ni nusu kwa nusu au vipi. Dada wa saluni akaja kuniuliza pembeni kama ni mishe ya halali. Mwenye duka la vyuma akasema yeye yumo, ila asitajwe jina. Halafu akapita askari kanzu, akasoma mara mbili, akaniomba twende kituoni kidogo nikamweleze.

Ndipo nikainua macho, nikasoma nilichoandika:

CHANGIA MISHE
NI YETU SOTE

Kituoni walicheka mpaka mkuu wao akatoka ofisini kuangalia kuna nini. Nikajieleza, nikaachiwa. Nikaomba mchango. Wakasema wataniombea.

Mke wangu amesema mtaa mzima haukushangaa. Ati mishemishe zangu zote tangu tuoane zilikuwa hazina bango tu. Nimemsamehe.

Ijumaa, 7 Juni

Siku tatu nimezunguka mwenyewe na mkoba. Nimegundua jambo: ukimwomba Mkristo pesa, anafumba macho. Fundi viatu aliniombea. Mama mwenye genge aliniombea, tena kwa machozi. Daktari wa meno alinishika bega, akaniombea mimi, familia yangu na meno yangu. Mtu niliyeombewa kiasi hiki ningekuwa nimeshapaa.

Wakati huohuo mdogo wangu na Mzee Risiti wamefika robo ya lengo! Nimewafuata kwa siri hadi kwa mwenye kiwanda cha matofali, nikasikiliza dirishani. Hana mbinu yoyote! Anaketi, anaongea taratibu, anasema mambo mawili matatu kuhusu akina mama wa kule. Halafu yule mzee mgumu wa matofali akapenga kamasi, akaenda chumbani kuchukua kitu. Sielewi kabisa.

Wanahitaji msaada wangu hawa.

Jumamosi, 8 Juni

Leo nimefanya kazi ambayo itakumbukwa. Mchungaji aliniruhusu kuchora kipimajoto kwenye ubao mdogo ili watu waone mchango ulipofika. Ubao mdogo! Ukuta wa kanisa unaotazama barabara uko wazi kabisa, mweupe, unasubiri. Mchana hakukuwa na mtu. Nimechora kipimajoto kirefu kuliko mimi, nimeandika juu LENGO, nikajaza rangi nyekundu mpaka robo, kama ilivyo kweli.

Nikarudi nyuma kutazama. Robo inatia huruma. Inaonekana kama mgonjwa aliyepoteza damu. Nani atachangia kitu kilicholala hivyo? Nikasema moyoni: imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo. Nikaongeza kidogo kwa imani. Mkono ukanogewa. Nikaongeza tena. Niliposhituka, wekundu ulikuwa umebakiza vidole viwili tu kufika LENGO.

Umependeza mno! Yeyote atakayeuona atataka kumalizia hicho kilichobaki.

Jumapili, 9 Juni

Shangwe kanisani. Watu walimkumbatia mdogo wangu, wakampongeza, wakamwombea safari njema. Kwaya iliimba nyimbo mbili zaidi. Mdogo wangu alikuwa anacheka bila kuelewa, akidhani kuna mtu katoa fungu kubwa kimyakimya.

Mzee Risiti alikaa mlangoni na kitabu chake. Hakuandika hata karatasi moja. Labda kalamu.

Jumanne, 11 Juni

Kalamu ilikuwa nzima.

Jana na leo wamepita nyumba saba, wamepokelewa kwa vicheko na vinywaji, wametoka mikono mitupu. Kila mtu anasema ashukuriwe Mungu, tumeona ukutani, mmefika. Wawili waliokuwa wameahidi wameelekeza fedha zao kwenye mabati ya jikoni. Mtu wa matofali ameuliza kama chenji itarudi.

Mzee Risiti alikuja karakana, akasimama mlangoni. Alitaka kujua sehemu ile ya juu nilijaza kwa hesabu ya nani. Nikamwambia ya imani. Akafunga kitabu chake, akaondoka. Hakukemea. Afadhali angekemea.

Mdogo wangu alikuja baadaye. Aliketi kwenye debe la rangi, mkoba magotini. Macho mekundu. Akasema polepole, "Kaka, umenifikisha kabla sijaondoka."

Nimekula kidogo sana leo. Ninaumia, naandika hapa ili nijue kwamba ninaumia. Huyu mtoto nilimbeba mgongoni, na sasa mimi ndiye nitakayemzuia asiende.

Jumatano, 12 Juni

Matumaini! Kufuta tu, kwisha kazi.

Haifutiki. Ni rangi ya mafuta, bora kabisa, ninaiuza kwa dhamana ya miaka kumi. Nimesugua kwa mafuta ya taa, kwa msasa, kwa hasira. Nikapaka nyeupe juu yake. Nyeupe ikanyonya nyekundu. Sasa kanisa lina kipimajoto cha waridi, na kimejaa vilevile.

Mchungaji ametangaza kwa mdomo kwamba ukuta ulikosea. Watu wakamwambia wanamwelewa, ni kawaida ya viongozi kusema hivyo pesa zikishafika.

Mke wangu amenishauri nimwendee kila mtu nikamweleze ukweli. Mawazo ya kike. Nani atamwamini fundi asiyeamini kazi yake mwenyewe?

Jumamosi, 15 Juni

Mchana. Nimepata suluhisho! Rahisi, na nashangaa kamati haikuliona. Kama rangi haishuki, LENGO lipande! Nikirefusha kipimajoto hadi kwenye paa, kile kilichojaa kitakuwa robo tena, na ukweli utakuwa umerejea ukutani bila kufuta kitu. Nimeazima ngazi ya fundi umeme. Namaliza kabla kwaya haijaja mazoezini.

Jioni. Nimerudi nyumbani. Nimekaa chini. Naandika polepole kwa sababu ya mkono.

Kirefusho kilikwenda vizuri hadi kwenye ukingo wa paa. Nikapanda juu ya bati ili niandike LENGO upya, nikiwa nimelala kifudifudi, kichwa kikining'inia. Hapo chini fundi umeme akapita, akaona ngazi yake imekaa bure, akaibeba, akaondoka akipiga mluzi. Nilimwita. Mluzi ulikuwa mkali.

Basi nikabaki. Kwaya ikafika. Halafu kamati. Halafu wapita njia, maana mtu akikaa juu ya kanisa watu hupenda kujua kulikoni. Nikasema nakagua bati. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akauliza mbona lengo limepanda tena, kwani mnauza nini humo? Wengine wakaguna. Nikasikia neno mishe. Nikaona wanaanza kugeuka kwenda zao, na mdogo wangu akiwa ndio kwanza anaingia getini kutoka zamu, anawaona wanaondoka. Uso wake ukazimika.

Sijui nini kilinipata. Labda jua la bati. Nikapiga kelele kutoka juu kwamba ni mimi. Kwamba kilichopo ni robo tu, tangu Jumamosi iliyopita ni robo, iliyobaki niliijaza mimi kwa brashi, na kesho ndiyo mwisho, na mdogo wangu hana kosa lolote.

Nikasikia bati linavyolia kwa joto.

Mama wa sauti ya kwanza ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akamshika mwenzake. Kicheko kikazunguka, na hata mchungaji akageukia ukuta mabega yakimcheza. Kilipotulia, mtu wa matofali akamwomba mdogo wangu awaambie wote kile alichomwambia yeye siku ile.

Mdogo wangu hapendi watu wengi. Alishika mkoba wake, akatazama chini. "Kule mama anatembea mlimani na uchungu wake, anatafuta mtu wa kumshika mkono," akasema. "Mimi najua kushika mkono, na ninamjua aliyenishika wangu. Basi, ni hayo tu."

Watu wakaondoka. Nikadhani tumekwisha. Kisha wakaanza kurudi, mmoja mmoja, kutoka majumbani. Dada wa saluni. Fundi viatu. Mama wa genge na kitambaa chake kilichofungwa mafundo. Mzee Risiti aliandika mpaka kitabu kikaisha, akafungua kingine. Mwishoni akaingiza mkono kwenye koti lake mwenyewe, akatoa, akahesabu, akajiandikia risiti, akajikabidhi.

Nililia huko juu. Hakuna aliyeniona, na hata walipofunga kikao hakuna aliyekumbuka ngazi. Nilishukia kwenye mti, ndiyo habari ya mkono.

Jumapili, 16 Juni

Imetimia! Mzee Risiti alisimama kusoma jumla, akaketi, akasimama tena, sauti ikamkatika, ikabidi mchungaji amalizie. Nauli ipo. Mwaka wa kwanza upo. Jibu limetumwa kwa barua pepe leo hii. Mdogo wangu alikuja akaegemeza kichwa begani kwangu, upande wa mkono mzima. Sina cha kuongeza. Sijawahi kuwa na furaha ya namna hii.

Ila wageni wawili walitazama ukuta, wakaona rangi iko chini sana ya paa, wakatuonea huruma, wakatoa tena. Mzee Risiti akataka kuwarudishia. Wakakataa. Kamati imeamua hiyo iwe ya koti zito.

Naomba ieleweke hapa kwamba kirefusho kilifanya kazi.

Jumanne, 18 Juni

Mchungaji amenipa ndoo ya chokaa nipake ukuta wote. Ameniomba, kwa upendo, nisiandike chochote juu yake. Mdogo wangu naye ameniomba jambo moja tu kabla hajasafiri: nisimwandalie kitu. Nimewakubalia wote wawili kwa moyo mweupe.

Usiku wa jana nyumba ilikuwa kimya. Nikawaza miaka mitatu bila huyu mtoto.

Leo asubuhi alinionyesha picha ya hospitali anayokwenda. Jengo zuri, milima nyuma. Lakini kibao cha getini! Rangi imebanduka, herufi mbili zimeanguka. Mama mwenye uchungu atajuaje kwamba amefika? Nikaitazama ile picha, nikasikia moyo unadunda. Watu husema wito huja hivi, ghafla, mchana kweupe.

Nimeshamwandikia mkurugenzi wa hospitali kwamba kanisa letu limekubali kwa kauli moja kumtuma pia fundi mabango, kwa miaka mitatu, nauli na matumizi yote. Barua imekwenda na posta ya saa nne.

Kanisa nitalijulisha Jumapili.