Zamu za Trekta na Chumba cha Wakubwa

Jumatatu, 10 Februari

Leo naanza kuandika. Mtu kama mimi, Angwenyi, wasipomwandika wengine, ajiandike mwenyewe. Niliishia darasa la tatu, na hata hivyo mwalimu wa hesabu aliniogopa mpaka akaomba uhamisho.

Habari ni hii. Chama chetu cha wakulima kina trekta moja. Linalima huku Migori, kisha linakwenda Homa Bay kwa wenzetu wa tawi la pili. Miaka yote mimi ndiye mgawa zamu. Bila karatasi. Kichwani. Anayekuja na jogoo, kichwa kinamkumbuka haraka. Anayekuja mikono mitupu, kichwa kinachelewa. Uzee.

Sasa mwenyekiti Mirumbe ameleta programu ya simu. Mtu anabonyeza, anapewa zamu, basi. Na aliyeitengeneza ni Edinah, binti ya ndugu yangu mdogo, niliyembeba mgongoni. Mirumbe ametangaza kikaoni kwamba mzee Angwenyi apumzike, kichwa chake kimefanya kazi ya kutosha. Watu wakapiga makofi. Nikapiga pia, wasijue nawaza nini.

Edinah ameniambia nijisajili upesi. Mvua iko karibu na shamba langu ni gumu kama lami. Nimekataa. Mgawa zamu haombi zamu.

Nitaizima hiyo programu.

Jumanne, 11 Februari

Nimekwenda ofisi ya chama mjini. Edinah alitoka kununua mandazi. Nikachomoa waya wa kompyuta. Na wa redio pia, kwa uhakika. Nikaketi na mikono nimekunja.

Alirudi, akatazama waya, akanitazama mimi. Akatoa simu. Zamu zote hai!

Akanieleza polepole, kama mtu anayelisha mtoto uji. Kwamba programu haikai hapa, hapa anaiandikia tu. Inakaa kwenye mashine za kukodi, mbali, wanaita wingu. (Mimi si mjinga, najua si la mvua.) Tena haiko moja. Ziko nakala kadhaa, kila moja imefungwa na vitu vyake vyote kama msafiri na mkoba wake. Moja ikifa, nyingine inaamka yenyewe, kazi inaendelea.

Nikauliza kama kuna ng'ombe wa namna hiyo. Akacheka. Nikauliza kwa ujanja kama Homa Bay wanatumia hii hii. Akasema ndiyo, hii hii.

Nimeelewa. Nakala ya pili iko Homa Bay.

Jumatano, 12 Februari

Nimemwambia mke wangu Orpah naenda kuona mahindi ya shemeji. Nikaenda Homa Bay.

Tawi la kule ni meza moja nyuma ya duka la Noor. Karani hayupo. Chini ya meza, nyaya kama mizizi. Nikachomoa zote, nikatoka nje, nikanunua kipande cha muwa.

Noor akanifuata. Mtu mpole sana, na upole wake ndio uliniogopesha. Akasema yeye hajui programu, anajua friji, na mimi mzee wake nimelizima. Barafu za watoto zimekuwa maji. Akaniuliza kama nitazinywea hapo au nifungiwe niende nazo.

Nilizinywea hapo. Za rangi tatu.

Nimerudi nyumbani na ulimi wa kijani. Orpah ameutazama, akasema mahindi ya shemeji yanaonekana yamestawi. Programu bado hai.

Alhamisi, 13 Februari

Noor amempigia Edinah simu. Edinah akaja jioni na kompyuta yake, akasema: baba mkubwa, kama lazima uguse, basi gusa hapa.

Kumbe programu ina mahali pawili. Pa kujaribu na pa kazi yenyewe. Pote panafanana. Akasema hapa pa kujaribu nivunje nitakavyo, haifiki kwa watu. Kitu kikikaa sawa hapa, ndipo anakipeleka kule.

Nimemwomba arudie. Amerudia.

Mimi nimekaa kwenye kamati tangu Mirumbe hajaota ndevu. Chumba hicho nakijua! Kila kamati inacho, huko nyuma. Wakubwa wanakaa kwanza, wanakubaliana, wanafunga mambo, ndipo wanatoka kuwauliza watu maoni yao. Mtoto amenipa ufunguo wa chumba chenyewe na hajui.

Aliongeza kitu kuhusu majina, kwamba kinachohamia kule ni utaratibu wa programu, majina yanabaki. Sikufuatilia, nilikuwa natafuta miwani.

Ijumaa, 14 Februari

Nimepanga zamu upya hapo pa kujaribu, kwenye kompyuta ya Edinah. Wa kwanza: Angwenyi, shamba zima. Wa mwisho: Mirumbe. Kuna mwanachama anaitwa Jaribu Tano, simjui, labda wa Homa Bay. Nimemweka Mirumbe nyuma ya huyo.

Jirani yangu Omanga nimemnong'oneza kwamba mambo yamerudi kwa wenyewe. Alileta jogoo kabla giza halijaingia. Amekaa wa pili. Omanga ni kisima cha siri, na kisima chake kina mfereji kila nyumba. Mpaka usiku wamefika wengine, kila mmoja na jogoo wake kwapani.

Mirumbe nimempita njiani. Akaniuliza kama nimejisajili. Nikamwambia amtafute kwanza Jaribu Tano.

Jumamosi, 15 Februari

Sabato. Sifanyi kazi. Nimepokea tu.

Orpah amesema Mungu anaona hata chini ya tenga. Nimemwambia asome lesoni yake ya Sabato.

Jumatatu, 17 Februari

Nimeamka mapema, nimevaa kofia ya vikao, nimesimama langoni. Trekta nalisikia. Nalo linakuja. Linapunguza mwendo. Linakata kona kwa Mirumbe.

Nimekimbia, na umri huu. Dereva akanionyesha simu. Mirumbe wa kwanza. Nikashuka mpaka chini kabisa. Angwenyi hayuko. Si wa mwisho, hayuko kabisa! Hata Jaribu Tano hayuko.

Mirumbe alikuwa ameegemea ua wake na kikombe cha chai. Akasema: "Mzee wa zamu, na wewe unapangiwa na nani siku hizi?" Mkewe akacheka jikoni, simwoni ila namsikia.

Edinah akaja mbio. Amenikumbusha kwamba alisema majina hayahami. Nimemwambia jambo kubwa namna hiyo mtu halisemi wakati wa miwani.

Adhuhuri wenye majogoo wamekuja kudai. Wawili tulikuwa tumeshawala. Omanga ametazama manyoya jalalani, akasema wa kwake anamtambua kwa mkia, na asingejali sana kama tungemwalika. Orpah ametoa kuku wake wawili wa mayai kufidia. Hajanisemesha mpaka sasa. Mawingu yamejaa upande wa ziwa. Nimejaribu jembe la mkono. Limeruka.

Jumatano, 19 Februari

Trekta limeingia kwetu asubuhi. Nikajua wameona aibu. Nikamwelekeza dereva aanzie wapi.

Akasoma kwenye simu: shamba la Orpah.

Kumbe alijisajili tangu siku ile ya kikao, wakati napiga makofi. Ameniambia alijua nitakataa, hivyo hakuona haja ya kunisumbua. Akakaa na zamu yake siku zote hizi, akinitazama na ulimi wa kijani. Sasa chama kizima kinajua shamba la Angwenyi ni la Orpah.

Mvua imenyesha saa tisa. Udongo umelala vizuri. Nimekubali kula.

Alhamisi, 20 Februari

Nimezungumza na Edinah kwa unyenyekevu mkubwa. Nimemwambia nataka kujifunza. Amefurahi, akanifungulia yote. Hivi majuzi ameongeza mahali pa tatu, katikati ya pa kujaribu na pa kazi yenyewe. Hapo kitu kinakaguliwa mara ya mwisho kabla hakijafika kwa watu. Amenionya mara mbili kwamba majina ya hapo nayo hayahami.

Ndivyo lazima aseme. Ni siri ya ofisi.

Kwa hiyo nilikosea mlango tu. Kile cha kwanza kilikuwa chumba cha makarani. Wakubwa wanakaa hiki cha katikati.

Nimempitia Omanga jioni hii nikamweleza, bila kutaja maneno mengi. Msimu ujao asihangaike na jogoo. Chumba hiki ni cha mbuzi.