Sauti ya Kwenye Treni

Jumatatu, 4 Machi
Nimeficha jambo, na daktari ameshaanza kunong'ona na binti yangu mlangoni, kwa hiyo bora niandike. Ile sauti inayotangaza vituo kwenye treni ya kutoka mji mkuu hadi miji ya jirani si yangu. Ni ya shemeji, kaka wa marehemu mke wangu. Mimi nilikuwa karani wa stesheni, mwenye elimu yangu, ila ulimi wangu na herufi r havijawahi kupatana. Naiandika vizuri. Nikiitamka, inatoka l. Mjukuu alipokuwa mdogo nilimwambia sauti ni yangu, mashine iliinyoosha. Alifurahi mno. Ningefanyaje?

Leo kaja na habari. Wiki ijayo wanaweka sauti mpya. Ijumaa tunapanda wote, babu ajisikie mara ya mwisho. Shemeji naye kaalikwa. Nimekwisha.

Jumanne, 5 Machi
Mbinu ya kwanza: kuugua. Nilisahau kwamba naumwa kweli. Nimekoroma, nimeguna, nimeshika kifua. Binti kanigeuza ubavu wa pili, akaendelea kukunja nguo.

Jumatano, 6 Machi
Mbinu ya pili. Nimemwambia mjukuu kuwa shemeji anaumwa koo, kakatazwa kuongea. Kisha nikampigia shemeji kumwomba awe bubu siku moja tu. Akacheka mpaka akapaliwa. Akakubali. Kakubali upesi mno.

Ijumaa, 8 Machi
Wamenipakia behewani kama kabati. Shemeji kakaa mbele yangu, skafu shingoni, anafurahia ububu wake. Sauti ikaanza: abiria, tahadharini, tunakaribia Darajani. Mjukuu akatoa simu. Anataka niseme sambamba na sauti, anirekodi. Behewa zima likageuka.

Nikasema. Abilia, tahadhalini, tunakalibia Dalajani.

Shemeji alijikaza, kisha akapasuka.

"Shemeji, taratibu! Daraja lenyewe umelibomoa!"

Abiria wakatazama spika ya juu. Wakamtazama yeye. Wakanitazama mimi.

Nikakiri kwa mjukuu. Akasema alijua tangu shule ya msingi. Miaka yote namwita Mlembo, angekosaje kujua? Alitaka tu kuona babu ataendelea na uongo mpaka kituo gani.

Jumamosi, 9 Machi
Moyo mwepesi. Ukweli ni dawa. Ningejua ningeunywa mapema. Asubuhi mjukuu alikaa kitandani pangu, akauliza kwa upole kama kuna lingine la kusema. Nikamwambia lipo. Sauti ni ya shemeji, sawa, lakini maneno niliyatunga mimi, neno moja moja, kwa kalamu yangu. Macho yakamlowa. Akanikumbatia, akatoka mbio kumwambia mama yake.

Sasa nawasikia sebuleni wakinisifu. Nimewaacha.

Maneno nayo aliyatunga shemeji. Mimi nilimshikia karatasi.