Siku Niliyokaa Mstari wa Mbele

Leo nimeaibika mbele ya madarasa mawili na beberu mmoja. Nawasimulia mwenyewe kabla Nuria hajawafikia, kwa sababu Nuria akisimulia huongeza chumvi, na hiki kisa chumvi kinayo tayari.

Kwa wasionijua vizuri: mimi ni Ekal, niko mwaka wa pili chuoni hapa Isiolo, nasomea biashara. Hilo neno "nasomea" mlichukue polepole. Muhula huu nimekuwa mwanafunzi wa kutumiwa picha. Nuria ndiye kiongozi wa darasa letu. Anapiga picha ubaoni, ananitumia, mimi naiangalia nikiwa kitandani, namwandikia "asante sana dadangu", nageukia ukutani. (Picha zote ninazo. Hakuna hata moja niliyoirudia.) Siku nikienda darasani nakaa kando ya mlango, ili nikitoroka nisisumbue watu. Adabu ninayo.

Sasa jana jioni Nuria akanipigia simu.

"Salaam aleikum. Ekal, uko hai?"

"Niko."

"Madam Kaltuma kesho anaita majina. Asiyekuwepo asahau mtihani wa hesabu. Na wewe ameuliza kama ni mtu wa kweli ama ni makosa ya ofisi."

Nikaketi wima. Madam Kaltuma ni mwalimu wetu mpya wa hesabu za biashara, na nilikuwa sijawahi kumwona hata kwa mbali. Nikikosa huo mtihani, narudia mwaka. Na mama yangu kule Kambi Garba ameshawatangazia kina mama wa kanisa kwamba mwakani nahitimu. Kitambaa cha gauni ameshachagua! Ni cha bluu. Kina mama nao wanashona cha kufanana.

Nikamgeukia Mutwiri. Mutwiri ni mwenzangu wa chumba, kijana wa Meru, anasomea umeme, na ni mtu wa mazoea mazuri mpaka anachosha. Anaosha sahani kabla haijapoa. Analala mapema. Kila asubuhi anasoma akinywa uji, kalamu ikiwa sikioni.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "kesho nataka kuwa wewe."

Hakucheka. Alinijibu kama daktari anayeandikia mgonjwa dawa.

"Amka mapema. Oga. Kula kitu. Fika kabla ya mwalimu. Simu uizime kabisa, usiiweke tu kimya, mimi nakujua. Kaa mbele. Uliza maswali. Na mwalimu akitaka mtu wa kumsaidia, mkono wako uwe wa kwanza. Utaona maajabu."

Nimeyaona.

Asubuhi niliamka Mutwiri akiwa bado anakoroma. Nikaoga maji baridi, ule upepo wa Isiolo ukinipiga mgongoni. Nikapiga pasi shati. Nikanywa chai na mandazi nikiwa nimekaa kwa kiti kama binadamu. Kwa geti la chuo askari aliniangalia juu mpaka chini.

"Leo kuna nini?"

"Masomo, mzee."

"Yako?"

Nilizima simu mbele yake, nikaitia mfukoni, nikaingia.

Darasa letu ni lile la kando ya tangi la maji. Nilifika, nikachagua kiti cha mbele kabisa, katikati, mahali ambapo mwalimu akipiga chafya inakupata. Watu wakaanza kuingia. Sikuijua sura hata moja, na wala sikushtuka. Mtu aliyepotea muhula mzima ana haki gani ya kuuliza wengine nyinyi ni kina nani? Nikawasalimu kama jamaa zangu wa siku nyingi. Wakaitika, halafu wakaangaliana. Nuria sikumwona. Nikasema kumbe leo yeye ndiye amechelewa. (Nilifurahi kidogo. Mungu anisamehe.)

Mwalimu akaingia. Mwanamke mfupi, mchangamfu, amebeba begi kubwa, na Kiswahili chake kina lafudhi ya Meru kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikajiambia labda Kaltuma, licha ya jina lake la Kiislamu, alilelewa na shangazi kule Maua, Meru.

"Tunaendelea pale tulipoachia," akasema. "Nani ataniambia, utajuaje mapema kwamba hali inaanza kuwa mbaya?"

Hii niliijua! Hii ni biashara tupu! Mkono ukapanda.

"Ndiyo, kijana wa mbele."

"Madam, unaangalia kinachoingia na kinachotoka. Kinachotoka kikizidi kinachoingia, hapo kuna shida."

Darasa likaangua kicheko. Madam hakucheka.

"Msicheke. Ni kweli kabisa. Mbuzi akiharisha zaidi ya anavyokula, huyo anawaaga."

Mbuzi? Nikawaza haraka. Huku kwetu mifugo ndiyo uchumi, na mwalimu mzuri hutoa mifano ya nyumbani. Nikaandika: *Mbuzi (mfano).* Kisha nikakumbuka Mutwiri alisema niulize maswali.

"Madam, na mwenye mbuzi akitaka kuongeza faida, aanzie wapi?"

"Tumboni. Aondoe minyoo. Minyoo ndiyo inakula faida yako ukiwa umelala."

Nikaandika: *Minyoo (wafanyakazi wezi).* Nilivutiwa sana. Huyu mwalimu anafundisha kwa mafumbo, na mimi nilikuwa nalala nyumbani!

"Sasa nahitaji mtu mmoja wa kunisaid…"

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Nilidhani naitwa ubaoni. Madam akafungua begi akatoa ovaroli ya kijani na viatu vya gambuti.

"Vaa."

Nikavaa. (Niliuliza maswali asubuhi nzima. Swali moja lililohitajika, hilo sikuliuliza.)

Tukatoka nje darasa zima, tukazunguka hadi nyuma ya majengo. Msichana mmoja akanisogelea akaninong'oneza, "Samahani, wewe ni wa wapi? Sijawahi kukuona."

"Wa biashara."

"Watu wa biashara wamehamishiwa chini ya miti, pale mbele ya jikoni. Hapa ni afya ya mifugo. Darasa letu linapakwa rangi, ndiyo tumepewa lenu."

Damu yote ikanishuka mpaka kwa gambuti. Nikageuka nikimbie, na hapo hapo Madam akanishika bega.

"Unaitwa nani, kijana?"

"Ekal."

"Ekal! Mturkana!" Akawageukia wengine. "Mwangalieni vizuri huyu. Mifugo iko kwa damu."

Jamani. Mimi nimezaliwa mjini. Mbuzi niliyemshika mara ya mwisho alikuwa na ugali kando. Hapo ningesema ukweli, ningevua ovaroli niende zangu. Lakini darasa zima lilikuwa linaniangalia kwa heshima, na heshima ni kitu ambacho sijakionja muda mrefu. Nikakohoa. Nikapandisha mikono ya ovaroli.

"Yuko wapi?" nikauliza.

Alikuwa ndani ya boma lile pale. Beberu mweupe, ndevu ndefu, pembe zimejipinda, ananitazama kama afisa aliyekatizwa chai.

"Simama juu yake," Madam akaelekeza. "Mguu huku, mguu huku. Mbane shingo kwa magoti, inua kidevu. Lakini usimkalie!"

Nilisimama juu yake. Nilimbana. Niliinua kidevu. Watu wakasema "aaah". Madam akaingiza sirinji kubwa ya dawa ya minyoo mdomoni mwa beberu, akasukuma. Beberu akaionja. Akafikiria. Akanitemea yote usoni.

Nikafumba macho. Nikayumba nikijifuta. Nikamkalia.

Sijui mlango wa boma ulifunguliwa na nani. Najua tu tulikuwa nje, mimi nimeshika pembe, miguu inapiga chini kama ya mtoto anayejifunza baiskeli. Tulipita tangi la maji. Gambuti moja ikabaki huko. Nyuma nasikia, "Usimwachilie! Usimwachilie!" (Nimwachilie vipi? Yeye ndiye aliyenishika!) Tulipita jikoni, na mpishi akapaza sauti, "Daktari, huyo mlete jioni, mchele uko!"

Mbele yetu kukatokea miti. Chini ya miti, viti. Kwenye viti, watu ninaowajua vizuri sana. Na mbele yao mwanamke mrefu mwenye miwani na buibui jeusi, akisoma majina.

"Ekal."

Akainua macho, akatazama viti.

"Ekal hayuko tena?"

Nikamwona Nuria akiinuka polepole, mkono mdomoni.

"Yuko, madam."

"Wapi?"

"Anakuja."

Beberu alipofika miguuni pa Madam Kaltuma alisimama ghafla. Mimi sikusimama. Nilipita juu ya kichwa chake nikatua kifudifudi mbele ya mstari wa mbele, ovaroli imejaa vumbi, dawa ya minyoo ikinitiririka shingoni.

Na mimi, nikiwa bado chini, nikasema kitu pekee kilichokuja:

"Niko, madam."

Watu walianguka kutoka kwa viti. Nawaambia walianguka! Nuria alikuwa analia machozi, anasema, "Wallahi nakufa, wallahi nakufa."

Madam Kaltuma hakusogea.

"Wewe ndiye Ekal?"

"Ndiyo, madam."

"Na huyu?"

"Huyu si wa darasa letu, madam."

Mwalimu wa mifugo akatokea mbio, sirinji mkononi, anahema. Hakumwangalia hata beberu.

"Pole sana, mwalimu mwenzangu. Nimekuja kumchukua mwanafunzi wangu. Hodari sana! Anakaa mbele, anauliza maswali, anajitolea."

"Huyu?"

"Huyu huyu."

"Ni wako tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Madam Kaltuma akavuta ncha ya mtandio akafunika mdomo. Mabega yakaanza kutikisika. Alipomaliza kucheka alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mtihani utafanya," akasema. "Lakini kuanzia leo kiti chako ni hiki." Akagusa kiti kilichokuwa karibu kumgusa. "Siku utakayokosa, namwambia huyu mwenzangu akuchukue moja kwa moja."

Nilikaa hapo nikinuka beberu hadi kipindi kikaisha. Na niwaambie siri: nilielewa. Kumbe Madam Kaltuma akifundisha, hesabu inaingia kichwani yenyewe, wala si ile ya kwenye picha. Alipouliza swali nilijibu, nikapata, na kwa mara ya kwanza leo watu walicheka kwa wema.

Nilipowasha simu nikakuta ujumbe wa Nuria umejipanga. "Tumehamishwa, tuko chini ya miti." "Ekal?" "Ekal mbona umezima? Wewe huzimangi simu!"

Mutwiri nilimpata chumbani. Nilimsimulia yote. Akaitoa kalamu sikioni.

"Lakini ulikaa mbele?"

"Nilikaa."

"Na maswali uliuliza?"

"Niliuliza."

"Basi umefanya vizuri." Akarudi kwa kitabu chake.

Kwa hiyo mtihani nitaufanya, na nitaupita. Nawaomba kitu kimoja tu, wandugu. Tukikutana mjini niiteni kwa jina langu. Atakayenisalimia kwa "mee" sitaitika. (Pale getini leo nikitoka, askari alinisalimia hivyo nikaitika, lakini huo ulikuwa ni mshtuko.)