Barua Isiyo na Dosari

Jumatatu, 3 Machi

Miaka thelathini na moja ya kufundisha historia ya Zama za Kati! Nastaafu mwisho wa mwezi huu. Leo kikaoni Mkuu wa Kitivo katangaza kwamba chumba kipya cha kusomea, ghorofa ya pili ya maktaba, kitapewa jina la mmoja wa walimu wawili wanaostaafu. Mimi, au Bwana Vita.

Bwana Vita ni yule wa ofisi inayotazamana na yangu. Anafundisha vita vikuu vya karne iliyopita. Mambo ya jana! Bado wapo watu hai walioyaona. Hiyo si historia, ni umbea.

Mshindi ataamuliwa kwa barua za wanafunzi wa zamani. Masharti yako kwenye waraka wa kurasa mbili. Sijausoma. Tangu nipate shahada ya uzamivu, sisomi kitu kilichoandikwa baada ya mwaka 1500 kama naweza kukwepa. Nimeuweka chini ya kikombe cha chai. Unafaa sana.

Jumanne, 4 Machi

Nimepita masijala mara nne. Bwana Vita ana barua moja. Mimi sina hata bahasha. Karani kaniambia nisikate tamaa, kwa sauti ile ya wauguzi.

Nimemweleza Mama Watoto. Alikuwa anakunja nguo. Akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamwambia methali hiyo ilitungwa na mtu ambaye hajawahi kugombea chumba.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Nakitaka kile chumba. Vibaya sana. Wanangu hawajui kazi yangu ni nini hasa. Shemeji yangu ana mwaka wa ishirini anadhani nafundisha dini. Nataka jina langu likae juu ya mlango, mtu apite, alisome, aulize huyu alikuwa nani.

Jumatano, 5 Machi

Akili ni nywele, na mimi leo nina kichwa kizima cha nywele!

Nani bingwa wa hati za kughushi? Mimi. Kitabu changu, kurasa mia nne na kumi na mbili, kinahusu watawa waliotunga hati za uongo ili wajipatie mashamba na vinu vya kusagia nafaka. Nawajua wote. Najua kila mmoja aliteleza wapi. Sasa mtu anayejua makosa yote, yeye atakosea vipi?

Nimeandika barua. Mwandishi ni mwanafunzi wangu wa zamani, hakimu aliyestaafu mapema kwa sababu za kiafya. Hana simu. Karatasi nzito, wino mweusi, mwandiko wa mkono wa kushoto. Siku za vipindi nimezihakiki kwenye daftari langu la mwaka ule. Barua inaniita "taa iliyowashwa juu ya giza la karne kumi". Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimeguswa.

Nimeitumbukiza kwenye sanduku la posta upande wa pili wa mji. Nilivaa kofia.

Ijumaa, 7 Machi

Karani wa masijala kaniita akitabasamu. Zimefika barua mbili zangu.

Mbili! Mimi niliandika moja.

Ya pili imeandikwa kwenye karatasi iliyochanwa kwenye kitabu cha risiti cha fundi wa majokofu. Ina alama ya kidole chenye grisi. Nainukuu, kwa uchungu: "Jumanne moja Mwalimu alitusomea habari za mtawa aliyeandika majina ya wenzake waliokufa kwa tauni, mmoja mmoja, mpaka mwandiko ukakatika katikati ya jina. Mwalimu akalia mbele yetu. Mtihani wake nilifeli mara mbili. Ila yule mtawa sijamsahau hadi leo."

Matusi! Mimi nilie? Mbele ya darasa? Na Jumanne sijawahi kufundisha maishani mwangu, daftari ni shahidi. Na ni nani atamsifu mwalimu aliyemfelisha mara mbili? Huu ni mkono wa Bwana Vita. Kanichomekea barua ya kunidhalilisha. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwangu mimi kiko mlango wa mkabala.

Jumatatu, 10 Machi

Bwana Vita kalalamika rasmi. Kasema mtu kama mimi kupata barua mbili siku moja ni muujiza, na yeye haamini miujiza. Lazima moja ni ya kughushi.

Mkuu wa Kitivo kaniita ofisini. Bwana Vita alikuwepo, kakunja nne. Mkuu alionekana kuchoka. Kasema chuo kizima hakina mtaalamu mwingine wa kughushi ila mimi, na kwamba anauamini uadilifu wangu. Akaniomba nizichunguze barua zote mbili nilete ripoti kesho.

Nikakubali kwa unyenyekevu. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma. Mshtakiwa kapewa kiti cha jaji!

Jumanne, 11 Machi

Ripoti kurasa kumi na moja. Nimeisoma mbele ya kamati, nimesimama, suti ya kijivu.

Barua ya hakimu: halali, pasipo shaka. Siku sahihi, lugha safi, hoja zimepangwa. Barua ya fundi: ya kughushi. Siku si sahihi. Karatasi ya kuokoteza. Grisi imepakwa kusudi ili msomaji aone huruma. Na inadai kilio ambacho hakikutokea. Sijapata kufanya uchambuzi mzuri kama ule. Bwana Vita alitazama chini muda wote. Nikajua ni aibu.

Mkuu wa Kitivo akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena, pole pole. Nikamjibu kwamba ninaijua barua hiyo ya uongo kuliko ninavyojijua mwenyewe. Nikatia saini. Mhuri ukagongwa.

Ndipo akachukua waraka, akasoma sharti la tano. Mgombea ambaye barua yake hata moja itathibitika kuwa ya kughushi, anaondolewa.

Chumba ni cha Bwana Vita.

Nimeuliza kwa ukali sharti hilo limetungwa lini. Wakasema tumepewa wote tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Nimerudi ofisini, nimeinua kikombe. Sharti la tano liko pale pale, katikati ya duara la chai.

Jumatano, 12 Machi

Amekuja. Fundi wa majokofu! Yupo, anapumua, ana mvi na mkoba wa spana. Alikuwa anatengeneza friza la kantini akasikia habari. Bwana Vita hakumchomeka mtu.

Kaniamkia vizuri, kakaa kwenye ukingo wa kiti. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Mwalimu, si wewe uliyetufundisha?" akasema. "Barua ya kweli haikosi makosa. Ile isiyo na dosari ndiyo ya kuitilia shaka."

"Nilisema aghalabu iko hivyo," nikamwambia. "Sikusema siku zote."

Akacheka. Halafu akalitaja jina la yule mtawa, lote, pamoja na lile jina la mwisho kwenye orodha yake, lililokatika katikati. Hakukosea hata herufi. Nikavua miwani, nikaifuta. Ofisi ina vumbi sana.

Nimekwenda kwa Mkuu wa Kitivo kuomba nirekebishe ripoti. Kasema ripoti ina saini yangu na mhuri wake, na kibao cha mlangoni kimeshachongwa.

Jioni nimemuuliza Mama Watoto kama nimewahi kufundisha Jumanne. Akasema mara moja, nilipomshikia Bwana Vita kipindi siku aliyong'olewa jino. Anakumbuka kwa sababu nilirudi macho mekundu, sikugusa chakula, nikadai nina mafua.

Hayo yalikuwa mafua.

Alhamisi, 13 Machi

Habari kubwa! Faili limefungwa na linakwenda kwenye hifadhi ya nyaraka ya chuo. Karani kanionyesha barua zote mbili kabla hazijaingia kwenye boksi. Ya fundi imegongwa mhuri YA KUGHUSHI. Ya hakimu imegongwa HALALI.

Yangu! Hakuna mtawa aliyefikia hapo. Wale wa vinu wote tuliwakamata. Kibao cha Bwana Vita kitaliwa na mchwa, lakini baada ya miaka mia tano mtafiti fulani atafungua boksi lile na kusoma kwamba nilikuwa taa juu ya giza la karne kumi, na ataamini. Njia ya mwongo ni fupi, ati! Yangu ndiyo kwanza inaanza. Nimetembea korido nzima kifua mbele.

Fundi tu ndiye ananikaa moyoni. Barua ile ni nzuri, haistahili mhuri ule. Sitamwacha. Nitamwandikia nyingine kwa niaba yake, nikaibadilishe kimyakimya kabla boksi halijafungwa. Rasimu iko tayari. Karatasi safi, hakuna grisi. Jumanne nimeifanya Alhamisi, kulingana na daftari. Mtihani amefaulu.

Kilio nimekifuta.